Msimu mzima na Oilers, nyuma ya usukani

Jumatano, 11 Oktoba 2023. Edmonton hadi Valemount

Nimeondoka Edmonton saa kumi jioni na tela la vyakula vya makopo, barabara namba 16, kuelekea milimani. Vancouver ndiko mzigo unakoshushwa, na huko huko ndiko Oilers, timu yetu ya hoki ya barafuni, wanakofungua msimu usiku huu. Ukishapita Jasper redio inaanza kukwaruza, inakata, na simu nayo haichelewi. Mechi yenyewe sikuisikia. Nimeegesha Valemount, nimepasha wali na maharage, mtandao ukarudi, na ujumbe wa kwanza unatoka kwa jirani yangu Mkongo, mtu wa Uvira, asiye na huruma hata chembe: "Kaka, nane kwa moja. Ulale salama." Brock Boeser wa Vancouver peke yake katia manne.

Na hii ndiyo timu ambayo wachambuzi walishaitabiria makubwa mwaka huu. Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, halijachukuliwa na timu ya Kanada tangu Montreal 1993. Mjini kwetu, tangu 1990. Mimi kwetu Tanga, damu yangu Coastal Union, kwa hiyo habari za kungoja msinifundishe. Coastal tulichukua ubingwa wa Bara 1988. Mwaka huohuo Oilers walibeba kombe lao la nne, na kabla ya miezi mitatu kuisha wakamuuza nyota wao mkubwa, Wayne Gretzky, kwa Los Angeles. Sisi hatukuwa na Gretzky wa kuuza, lakini kiu ni ileile.

Alhamisi, 26 Oktoba. Barabara ya 63, Fort McMurray

Mabomba ya chuma, kwenda machimbo ya mafuta. Ukipita njia hii unaelewa kwa nini timu inaitwa Oilers, wachimba mafuta. Kisima cha Leduc, kusini mwa mji, kilifumuka 1947, na tangu hapo Edmonton imekuwa mji wa kupeleka watu na vyuma kaskazini.

Leo wamefungwa 3–0 na New York Rangers, tena nyumbani. Nahodha Connor McDavid yuko nje, ameumia. Wamecheza mechi saba, wameshinda moja.

Kwa msomaji aliyezoea soka: hapa ligi ni mechi 82, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Aprili. Ushindi ni pointi mbili. Ukifungwa ndani ya dakika 60 huna kitu. Ukifungwa kwenye nyongeza au kwa penalti unapewa pointi moja ya pole. Ndiyo maana rekodi ya timu huandikwa kwa tarakimu tatu: ushindi, vipigo, na vile vipigo vya nyongeza. Oilers leo: 1–5–1. Baada ya hapo timu 16 kati ya 32 huingia mtoano, na kila hatua anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga. Kwa hiyo kombe lenyewe linataka ushindi 16 mwingine, kuanzia Aprili hadi Juni. Binafsi naona ndilo kombe gumu kuliko yote ya timu, na niko tayari kubishana na yeyote.

Jumapili, 29 Oktoba. Edmonton

Sina safari. Leo wanacheza nje, uwanja wa Commonwealth, ule wa mpira wa Kikanada unaofanana na raga, dhidi ya Calgary. Barafu imetandikwa katikati ya uwanja chini ya mbingu. Tumeingia watu 55,411.

Nimekaa juu kabisa, na nilichojifunza ni kwamba kutoka huko kile kisahani hukioni. Ni kipande cha mpira mweusi, unene wake inchi moja, kinagandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke. Chini pale kinakimbia kuliko gari langu likiwa tupu. Basi unaacha kukitafuta, unatazama watu. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho televisheni hukificha: benchi. Wachezaji wa ndani hawazidi watano na kipa, lakini hakuna anayekaa barafuni hata dakika nzima. Sekunde arobaini, arobaini na tano, anakimbia kwa nguvu zake zote, kisha anaruka ubao kurudi kukaa, na mwenzake ameshatua ndani kabla yeye hajafika. Wanabadilishana hivyo mechi ikiwa inaendelea, bila filimbi, bila mwamuzi kunyanyua kibao. Wakikosea hesabu wakazidi mmoja, adhabu: mtu anafungiwa dakika mbili kwenye kibanda cha kioo, timu inabaki pungufu.

McDavid amerudi kwa ajili ya leo. Wameshinda 5–2. Watu wamerudi kwenye treni wakiimba kana kwamba msimu umeokoka.

Alhamisi, 9 Novemba. Barabara ya 2, kutoka Calgary

Haujaokoka. Wamepigwa na Dallas, wamepigwa na Nashville, wamepigwa tena na Vancouver, na usiku huu wamefungwa 3–2 na San Jose. San Jose! Timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu tangu msimu uanze. Kipa Jack Campbell, mwenye mkataba mnono, juzi ameshushwa daraja akacheze Bakersfield. Oilers sasa ni 2–9–1.

Nilikuwa Red Deer, kwenye foleni ya dizeli, redio za malori matatu zote ziko kituo kimoja. Filimbi ya mwisho ilipolia dereva mmoja Mpunjabi akafungua mlango, akashuka, akavua kofia yenye nembo ya timu, akairusha kwenye pipa la taka. Akaingia dukani. Alipotoka na kahawa yake akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akaiokota, akaikung'uta, akavaa. Minus kumi na mbili hiyo, kichwa nacho kina haki zake.

Jumapili, 12 Novemba. Edmonton

Jana wameshinda Seattle 4–1. Leo asubuhi kocha Jay Woodcroft amefukuzwa. Yaani unamfukuza mtu kesho yake ya kushinda.

Aliyeletwa ni Kris Knoblauch, kutoka Hartford, ligi ya chini. Aliwahi kumfundisha McDavid akiwa kijana, huko Erie. Jirani yangu wa Uvira amenifuata hadi uani nikipiga koleo theluji: "Unaona? Ni ndugu wa nahodha. Kazi za kujuana hazipo kwetu tu." Nikamwambia ngoja tuone mzigo kabla ya kulaumu dereva.

Alhamisi, 21 Desemba. Kamloops

Safari ya Vancouver, kurudi kupitia Coquihalla, barabara ya milimani. Kati ya Hope na Merritt sheria inataka lori libebe minyororo kuanzia Oktoba mosi hadi Aprili 30, na leo haikuwa ya kubeba tu. Nimepiga magoti kwenye theluji nikifunga minyororo, glavu zimelowa, taa ya kichwani inamulika pumzi yangu mwenyewe.

Kamloops kituo cha malori nimekutana na Mkenya, anatoka Nakuru, naye anaelekea Alberta. Tumekaa na supu. Oilers wako New Jersey, wameshinda 6–3. Kabla ya hapo walikuwa wameshinda nane mfululizo, kisha wakapoteza tatu, kwa hiyo hakuna aliyeipa hii uzito.

Mkenya akanipa habari ya kwao. Nairobi, hoteli ya Panari, Mombasa Road, kuna barafu ya ndani tangu 2005, ndogo kuliko uwanja wa kawaida, na hapo ndipo walipozaliwa Ice Lions. Hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo, wakawa wanagawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 wakaletwa Kanada, wakavalishwa vifaa kamili, na walipokuwa kwenye chumba cha kubadilishia wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kucheza upande wao. "Bwana," ananiambia, "hebu fikiria unacheza mchangani halafu Messi anaingia kukuomba namba." Tukacheka hadi mhudumu akatuangalia.

Jumamosi, 13 Januari 2024. Edmonton

Hakuna lori lililotoka leo. Baridi imekaribia arobaini chini ya sifuri. Tangu juzi gari linalala limechomekwa umeme wa kupasha injini, maana dizeli ikiganda unakuwa na chuma tu. Oilers wako Montreal, na wameshinda tisa mfululizo tangu ile ya New Jersey.

Saa moja kasorobo usiku, mechi ikiendelea, simu zote sebuleni zikalia kwa pamoja ule mlio wa hatari. Mama watoto akadhani ni kimbunga. Ni mkoa: umeme unakaribia kuzidiwa, zimeni taa na vifaa visivyo vya lazima, la sivyo utakatwa kwa zamu. Kijana wangu akazima taa za chini, za juu, za nje, mashine ya nguo, friji la akiba la gereji (ambalo kwa baridi ile halikuwa na kazi yoyote). Akasimama mbele ya televisheni ameshika rimoti, ananiangalia.

"Hiyo ni ya lazima," nikamwambia.

Megawati zaidi ya mia zilishuka ndani ya dakika chache, watu walitii. Umeme haukukatika. Kwenye giza lile, 1–1, ikaja nyongeza. Kwenye nyongeza ya ligi wanabaki watatu kwa watatu, uwanja unakuwa mtupu kama barabara ya Handeni usiku, na Evan Bouchard akaachia kombora. Ya kumi.

Jumamosi, 27 Januari. Edmonton

Nashville kapigwa 4–1. Kumi na sita mfululizo. Rekodi ya ligi ni 17, ya Pittsburgh msimu wa 1992–93. Sasa ligi inapumzika, mechi inayofuata ni Vegas. Jirani hasemi tena habari za kujuana. Anasema alimjua Knoblauch tangu siku ya kwanza.

Hii timu ni injini ya dizeli. Haiwaki asubuhi. Unaipasha, unaisubiri, inatoa moshi, majirani wanalalamika. Ikishashika moto hakuna mlima. Tatizo, na nimelisema msimu huu kwa kila anayenisikiliza, ni kwamba haijifunzi kuwaka mapema. Kila mara inaanza nyuma, kisha inatushangaza kwa kufika.

Jumanne, 6 Februari. Saskatoon

Vegas 3, Edmonton 1. Rekodi ya Pittsburgh imebaki kwa mwenyewe. Nimelala mapema.

Machi

Saskatoon, Regina, Winnipeg, nyanda tupu, upepo wa ubavuni unaosukuma tela. Sina la kuandika. Wamemchukua Adam Henrique kutoka Anaheim, na Corey Perry, mzee wa kazi, yuko nao tangu Januari. Zach Hyman anafunga kila siku kwa mtindo usiopendeza: anasimama mbele ya kipa, anapigwa magongo ya mgongo, kisahani kinamgonga, kinaingia. Amepita mabao hamsini. Mabao ya kuokota nayo ni mabao, waulizeni makipa.

Jumatatu, 15 Aprili. Edmonton

McDavid ametoa pasi yake ya mia ya msimu. Kabla yake waliowahi ni Gretzky, Mario Lemieux na Bobby Orr tu. Bao lilipoingia hakuna aliyemtazama mfungaji. Zimebaki mechi mbili na timu iko 49–25–6, pointi 104, ya pili nyuma ya Vancouver kwenye kundi. Timu iliyokuwa 2–9–1.

Jumatatu, 20 Mei. Hope, British Columbia

Los Angeles walitolewa kwa mechi tano, mwaka wa tatu mfululizo sisi ndio tunawatoa, nikawaonea huruma kidogo. Vancouver ndio waliotutoa jasho. Katikati ya mfululizo kipa Stuart Skinner, mtoto wa Edmonton kabisa, aliwekwa benchi mechi mbili. Akarudishwa ya sita. Leo ni ya saba, kwao Vancouver, na mimi niko saa mbili tu kutoka uwanjani, saa zangu za kuendesha zimekwisha: sheria hairuhusu zaidi ya 13 kwa siku na kompyuta ya garini haipokei hongo.

3–0 Edmonton, kipindi cha tatu. Kisha 3–1. Kisha 3–2. Kituo kizima ni mashabiki wa Vancouver, mimi peke yangu na shati langu la kola ya chungwa nililolifunika kwa jaketi. Dakika za mwisho Vancouver wametoa kipa wao, wako sita wote wanashambulia. Nilikuwa nimeshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Filimbi. Nikalipa, nikasema asante, nikatembea polepole hadi kwenye lori, nikafunga mlango, ndipo nikapiga kelele.

Jumapili, 2 Juni. Edmonton

Dallas wametolewa, 2–1, mechi ya sita. Oilers wamepiga golini mara kumi tu usiku kucha, Dallas 35. Skinner kazuia zote isipokuwa moja. Yule aliyewekwa benchi. Bao la McDavid lenyewe: alimpitia Miro Heiskanen, beki bora kabisa, kisahani kikitoka upande mmoja wa gongo kwenda mwingine, akamalizia kwa mgongo wa gongo juu ya kipa. Jirani alisimama akasema neno la Kibembe ambalo amekataa kunitafsiria.

Fainali ya kwanza tangu 2006. Wapinzani ni Florida Panthers. Kati ya viwanja viwili ni zaidi ya kilomita 4,000. Hakuna fainali ya Kombe la Stanley iliyowahi kuwa na umbali huo.

Alhamisi, 13 Juni. Edmonton

3–0. 4–1. Na leo nyumbani, 4–3. Florida anaongoza mechi tatu kwa sifuri. Kipa wao Sergei Bobrovsky ni ukuta. Aliyewahi kutoka 0–3 akachukua kombe kwenye fainali ni Toronto, 1942, wakati wa vita. Uwanja wa nje wa Rogers Place, nyumbani kwa Oilers, ambako maelfu hutazama kwenye skrini, watu wameondoka kimya wakiacha chupa.

Jumamosi, 15 Juni. Lloydminster

Nane kwa moja! Bobrovsky katolewa baada ya bao la tano. Msimu ulifunguliwa kwa kipigo cha 8–1, na leo tumekirudisha kilekile kwa mtu mwingine.

Jumanne, 18 Juni. Grande Prairie

5–3, kule kwao Florida. McDavid mabao mawili, pasi mbili, kama alivyopata pointi nne juzi. Nimesikiliza nikiwa kizimbani napakuliwa mbao; kijana wa forklifti alikuwa anasimama kila wakipiga golini, na sikumharakisha.

Ijumaa, 21 Juni. Edmonton

5–1. Tatu kwa tatu. Nimempeleka kijana wangu uwanja wa nje. Mzee mmoja mzungu amevaa jezi ya Grant Fuhr, yule kipa mweusi wa Edmonton aliyebeba makombe matano na kuwa mweusi wa kwanza kuingia Jumba la Mashujaa wa hoki, 2003. Kijana hakuwa akimjua. Mzee akamkalisha kwenye ukingo akamsimulia kwa nusu saa, mikono ikidaka hewa. Barabarani honi hadi alfajiri.

Jumatatu, 24 Juni. Edmonton

Nimeomba siku. Sebuleni tumejaa: Uvira, Tanga, Nakuru, na Mpunjabi mwenye kofia, maana tangu Januari tumekuwa tukipigiana simu njiani. Mama watoto amekaanga sambusa za mji mzima.

Carter Verhaeghe anafunga mapema. Dakika mbili baadaye Mattias Janmark anasawazisha, sambusa zinamwagika. Kipindi cha pili Sam Reinhart anashuka ubavuni na kupiga chini chini, 2–1. Kipindi cha tatu chote ni sisi. Kuna wakati kisahani kilikuwa kinazunguka mbele ya Bobrovsky na McDavid yuko hapo, miguu minne, magongo matatu, hakionekani, na hakuingia nacho. Mwisho Florida wanarusha glavu juu. Kombe lao la kwanza kabisa.

Kisha wanatangaza mchezaji bora wa mtoano: Connor McDavid, wa timu iliyoshindwa. Mchezaji wa ndani wa timu iliyoshindwa hakuwahi kupewa tangu Reggie Leach, 1976. Pointi 42, pasi 34, kavunja rekodi ya pasi ya Gretzky. Wanaita jina. Hakutoka chumbani.

Jumanne, 25 Juni. Barabara ya 16, kuelekea Hinton

Jirani amepanda nami hadi Hinton, ana kazi huko. Tangu Edmonton tunabishana. Anasema mtu akipewa heshima anaipokea, hata kama anaugulia. Kwao mkubwa akiitwa msibani anasimama. Mimi nasema kwenda kubeba kikombe cha peke yako mbele ya wenzako wanaolia, tena kwenye sherehe ya aliyekufunga, ni kituko. Anasema ni kiburi. Nasema ni haya.

"Na mechi mbili za mwisho," akaniambia tukipita Edson, "mtu wako ana pointi ngapi?"

Hana hata moja. Florida walimkaba kwa Aleksander Barkov, kila akiingia barafuni naye anaruka ubao. Nikamjibu kwamba ya sita tulishinda 5–1 bila pointi yake, maana yake timu si mtu mmoja. Akasema basi tuzo angepewa Hyman. Nikamuuliza vipi kuhusu Perry, fainali ya nne anapoteza katika miaka mitano: Dallas, Montreal, Tampa, na sasa sisi. Akafikiri kidogo. Akasema huyo wasimsajili tena, ana mkosi. Nikasema alibeba kombe na Anaheim 2007, mkosi gani huo. Amefika Hinton bado anahesabu kwa vidole fainali za Perry, akashuka na begi lake, akasahau chakula cha mchana kwenye kiti.